Upekuzi wa Watafiti wa Kigeni: Pasipoti Haioneshi Kinachotendeka Maabara

Kwa miaka kadhaa sasa serikali ya Uholanzi imekuwa ikiandaa sheria itakayowalazimu watafiti, pamoja na baadhi ya wanafunzi wa ngazi za juu, kufanyiwa upekuzi wa usalama kabla ya kupewa nafasi katika maabara zinazoshughulika na teknolojia nyeti: chipu za kompyuta, kompyuta za kwanta, nyuklia, na nyingine ambazo leo zinatumika kiwandani na kesho zinaweza kufungwa kwenye kombora. Uholanzi haiko peke yake. Uingereza ina utaratibu wa namna hiyo tangu mwaka 2007, na Kanada ilitangaza wake Januari 2024. Naanza na Uholanzi kwa sababu nchi hiyo imeonja makosa ya pande zote mbili. Iliwahi kumwacha mtu aondoke na siri za kurutubisha madini ya urani, na iliwahi kushindwa mahakamani kwa kuwafungia milango watu ambao haikuweza kuonesha kosa lao.

Ninachokitetea hapa ni hiki: nchi yoyote yenye kitu cha kulinda ina haki ya kumpekua anayetaka kukikaribia, lakini upekuzi unaofanywa mara moja tu mlangoni, ukitazama zaidi mtu ametoka nchi gani kuliko kazi anayokwenda kuifanya, haulindi kile unachodai kukilinda, na gharama yake huangukia watu wasio na pa kulalamikia. Miongoni mwa watu hao wamo vijana wetu wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali.

Kila anayetetea upekuzi mkali Uholanzi humtaja Abdul Qadeer Khan, na ana haki ya kumtaja, ila kisa chenyewe mara nyingi husimuliwa nusu. Khan alizaliwa Bhopal mwaka 1936, akahamia Pakistani baada ya India kugawanywa, kisha akaenda Ulaya kusoma. Alipata shahada ya uhandisi wa metali Delft, Uholanzi, mwaka 1967 na uzamivu Leuven, Ubelgiji, mwaka 1972. Mwaka huohuo aliajiriwa na maabara ya FDO mjini Amsterdam, iliyokuwa ikifanya kazi kwa niaba ya Urenco, shirika la pamoja la Uingereza, Uholanzi na Ujerumani Magharibi lililokuwa likitengeneza mashinepewa za kurutubisha urani. Urani inayochimbwa ardhini ina takriban asilimia 0.7 tu ya ile aina inayopasuka kwa urahisi, yaani urani-235. Mitambo mingi ya umeme inahitaji asilimia 3 hadi 5, na bomu linahitaji karibu asilimia 90; kukipandisha kiwango hicho ndiko kurutubisha. Mashinepewa ni silinda nyembamba inayozungushwa kwa kasi kubwa mno ili gesi ya urani ijitenge, iliyo nzito ikikimbilia pembeni na iliyo nyepesi ikibaki katikati. Sehemu kubwa ya ugumu wake imo katika metali: ni chuma cha aina gani kitakachostahimili mzunguko ule bila kuvunjika, kinachongwa vipi, na kinanunuliwa kwa nani. Khan alikuwa mtaalamu wa metali.

Alifanyiwa upekuzi, jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Upekuzi wenyewe ulikuwa mwepesi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kaa Ulaya zaidi ya miaka 10, alizungumza Kiholanzi na Kijerumani, na mke wake alichukuliwa kuwa Mholanzi ingawa pasipoti yake ilikuwa ya Uingereza. Lakini hata kama wapekuzi wangekuwa makini kupita kiasi, wangeona nini mwaka 1972? Kwa yote yanayojulikana hadharani, wakati ule Khan hakuwa jasusi wa mtu yeyote. Alimwandikia Zulfikar Ali Bhutto, kiongozi wa Pakistani, mwaka 1974, baada ya India kulipua kifaa chake cha kwanza cha nyuklia mwezi Mei, akijitolea kuisaidia nchi yake. Nia ile ilimjia akiwa tayari ndani, amekwisha kuzoeleka, ana meza na wenzake wa kula nao chakula cha mchana. Hakuna fomu ya maombi ya kazi inayoweza kugundua nia ambayo mwombaji mwenyewe bado hajawa nayo.

Katika vuli ya mwaka 1974 alitumwa Almelo, kwenye kiwanda cha Urenco, akakaa siku 16 akitafsiri nyaraka za Kijerumani zinazoeleza mashinepewa ya kisasa kuliko zote walizokuwa nazo. Alikuwa mahali ambapo kibali chake hakikumruhusu kuwa. Inasimuliwa kwamba alionekana akiandika katika daftari kwa hati ya kigeni, na alipoulizwa alijibu kuwa anaandika barua ya nyumbani, na maelezo hayo yakatosha. Mtu aliyekuwa akifanya naye kazi karibu, mpiga picha wa maabara Frits Veerman, aliingiwa na wasiwasi baada ya kuona nyumbani kwa Khan michoro ambayo haikupaswa kutoka kazini, akawaeleza wakubwa wake. Hawakumsikiliza. Miaka michache baadaye Veerman ndiye aliyepoteza kazi, na ndiye aliyehojiwa na vyombo vya usalama. Ilichukua hadi mwaka 2020 kwa taasisi ya Uholanzi inayolinda watoa taarifa kuhitimisha kwamba alitendewa isivyo haki kwa sababu ya kusema alichokiona. Khan alikwenda Pakistani na familia yake Desemba 1975, kwa kile kilichoitwa likizo, asirudi tena kazini.

Alichoondoka nacho kilikuwa zaidi ya michoro. Alijua majina ya viwanda vya Ulaya vilivyouza chuma maalumu, vali, pampu na vifaa vya kupimia, na Pakistani ikaanza kuagiza kutoka kwa wauzaji haohao. Ruud Lubbers, aliyekuwa Waziri wa Uchumi mwaka 1975 na baadaye Waziri Mkuu, alisema mwaka 2005 kwamba Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, liliiomba Uholanzi isimkamate Khan ili liendelee kumfuatilia. Mwaka 1983 mahakama ya Amsterdam ilimhukumu kifungo cha miaka 4 bila yeye kuwepo, na hukumu hiyo ikafutwa mwaka 1985 kwa sababu hati ya kumwita mahakamani haikumfikia inavyotakiwa. Pakistani ilifanya majaribio ya mabomu yake Mei 1998. Februari 2004 Khan alikiri kwenye televisheni kwamba alisambaza teknolojia hiyo nje ya nchi. Waliofaidika ni Iran, Libya na Korea Kaskazini, kupitia mtandao uliokuwa na kituo chake kikubwa Dubai.

Mtu anaweza kusema kwamba kama Mpakistani asingeruhusiwa kabisa kukanyaga FDO, haya yote yasingetokea kwa njia hii. Ni kweli, na sitaki kuikwepa kweli hiyo. Lakini tuwe wazi kwamba hoja hiyo inadai marufuku kwa taifa zima, jambo ambalo ni tofauti na upekuzi, kwa kuwa upekuzi maana yake ni kumchunguza mtu mmoja na kuamua juu yake. Mambo ambayo Waholanzi wangeweza kuyafanya bila kupiga marufuku taifa lolote yalikuwa mengi na ya kawaida: kumzuia asiingie Almelo kwa kuwa kibali chake hakikufika huko, kufuatilia kwamba nyaraka haziendi nyumbani, na kumsikiliza mfanyakazi mwenzake aliyekuja kulalamika. Kila moja kati ya hayo lilihitaji msimamizi anayejua nani anashika nini katika jengo lake. Serikali ya Uholanzi yenyewe ilikwisha kuchunguza mkasa huu ifikapo mwaka 1979, kwa hiyo habari hizi si ngeni huko.

Miaka 30 baadaye nchi hiyohiyo ilijaribu ile njia nyingine. Desemba 2006 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1737 kuhusu mpango wa nyuklia wa Iran, na aya yake ya 17 iliziomba nchi zote ziwe macho zisije zikawafundisha raia wa Iran fani ambazo zingesaidia mpango huo. Uholanzi ililitekeleza kwa kutunga mwaka 2008 kanuni iliyowazuia raia wa Iran kuingia katika maeneo fulani ya nyuklia na kusoma masomo fulani ya uzamili, wakiwemo hata waliokuwa na uraia wa Uholanzi pia. Mtu aliyekulia Rotterdam, akalipa kodi na kupiga kura huko, alijikuta hawezi kusoma fani aliyoichagua kwa sababu ya uraia aliourithi kwa baba yake. Walikwenda mahakamani. Mahakama ya Uholanzi iliyoko The Hague iliwapa haki Februari 2010, na Desemba 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikathibitisha kwamba kanuni ile ilikuwa ya kibaguzi, kwa kuwa serikali haikuonesha sababu ya kutosha ya kuwatenga watu kwa uraia wao.

Hukumu hiyo naiheshimu sana, na nadhani haijulikani inavyostahili nje ya Uholanzi. Haikusema kwamba nchi haina haki ya kulinda nyuklia yake. Iliitaka serikali ithibitishe kwamba mstari iliouchora unafuata hatari yenyewe, na serikali ikashindwa. Ndiyo maana mjadala wa sasa wa muswada mpya unarudi kila mara kwenye swali lilelile gumu: kuwapekua wote, Waholanzi na wageni pamoja, ambako ni gharama kubwa na kazi ya ofisi nzima, au kuwapekua wageni wa nchi fulani tu, ambako ni nafuu na kunarudisha tatizo lililokwisha kuhukumiwa. Katika kuuandaa mfumo huo, Uholanzi ilifungua mwaka 2022 kituo cha kitaifa ambako vyuo vinaweza kuomba ushauri kuhusu ushirikiano wenye hatari. Nakiona kituo hicho kuwa na manufaa kuliko watu wengi wanavyokisifu, kwa sababu kinamfikia msimamizi wa maabara wakati anapohitaji kuamua, naye ndiye aliyekosekana katika kisa cha Khan.

Tuje Uingereza, kwa kuwa huko ndiko suala linapotugusa moja kwa moja. Mtanzania au Mkenya aliyepata nafasi ya uzamivu katika sayansi ya vifaa, uhandisi wa anga au baadhi ya matawi ya fizikia na kemia katika chuo cha Uingereza anapaswa kwanza kupata cheti kiitwacho ATAS kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, ndipo aombe viza. Tangu Mei 2021 sharti hilo linawahusu pia watafiti wanaoajiriwa, si wanafunzi peke yao. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, Uswisi, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Japani, Korea Kusini na Singapore wamesamehewa. Hakuna nchi ya Afrika katika orodha ya waliosamehewa, hata moja.

Fomu yenyewe hailipiwi, na hilo ni jema. Inamtaka mwombaji aeleze shule alizosoma, kazi alizofanya, machapisho yake, anayemfadhili, na wadhamini wa kitaaluma wanaomfahamu. Sehemu nyeti kuliko zote ni maelezo ya utafiti, ambayo huandikwa na chuo kinachompokea na ambayo mwombaji huyaingiza kama alivyopewa. Hapo pana jambo la kutazamwa kwa karibu. Maelezo hayo ni aya chache. Profesa aliyebanwa na muda anaweza kuandika kwamba mwanafunzi atachunguza tabia ya vifaa vyepesi vyenye nguvu katika joto kali, akimaanisha mapanga ya mtambo wa upepo au sehemu za injini ya gari, na msomaji aliyeko ofisini London akaona mwili wa kombora. Mwombaji aliyeko Morogoro hajui neno lipi limemponza, wala hana njia ya kulirekebisha. Cheti kikitoka kimefungwa kwenye kazi ile na chuo kile. Mradi ukibadilika kwa kiasi kikubwa, safari inaanza upya. Kisipotoka, barua kwa kawaida haielezi sababu.

Gazeti la The Guardian lilichapisha mwaka 2023 takwimu zilizoonesha kwamba waliokataliwa walikuwa 13 mwaka 2016, wakafika 128 mwaka 2020, kisha 1,104 mwaka 2022. Ongezeko hilo kwa sehemu linatokana na kuongezwa kwa watafiti katika utaratibu, na sehemu kubwa ya hofu inaielekea China. Sina ushahidi kwamba Waafrika wa Mashariki wanakataliwa kwa wingi, na sidai hivyo. Madhara yanayowapata ni ya aina nyingine, nayo ni kungoja. Majibu huchukua wiki kadhaa na wakati mwingine miezi, na ajira za watafiti waliomaliza uzamivu zina fedha zenye tarehe ya mwisho. Profesa mwenye fedha za miaka miwili hawezi kukaa miezi mitano bila mtu. Atakachokifanya, bila ubaya wowote moyoni, ni kumchukua mwombaji wa pili ambaye ni Mkanada. Hapo hakuna aliyekataliwa, hakuna takwimu itakayoandikwa, na hakuna barua ya kukatia rufaa. Baada ya misimu michache profesa huyo atajifunza kutowaita kabisa kwenye usaili watu wa nchi zinazohitaji cheti, na ubaguzi utakuwa umekamilika bila mtu hata mmoja kuuamua.

Watetezi wa ukimya huu wa kutoeleza sababu wana hoja moja nzito: taarifa za kijasusi haziwezi kutolewa kwa mshukiwa, kwa kuwa kueleza sababu ni kumtaja aliyeitoa. Hoja hiyo ningeikubali kama Uingereza yenyewe isingekuwa na jawabu lake. Kwa sheria ya mwaka 1997 nchi hiyo ina mahakama maalumu ya rufaa za uhamiaji zinazogusa usalama wa taifa, na humo mna mawakili waliopekuliwa na kuaminiwa, ambao wanaruhusiwa kuusoma ushahidi wa siri na kuupinga kwa niaba ya mtu ambaye mwenyewe hauoni. Utaratibu huo una kasoro, mojawapo ikiwa kwamba wakili akisha kuuona ushahidi hawezi kuujadili kwa uhuru na mteja wake. Hata hivyo unaonesha kuwa siri na haki ya kusikilizwa zinaweza kuwekwa katika chumba kimoja. Ikiwa mtu anayeshukiwa kwa ugaidi anapewa wakili wa namna hiyo kabla ya kufukuzwa nchini, sioni ni kwa msingi gani mtaalamu wa kauri asiyeshukiwa kwa lolote anyimwe hata sentensi moja ya maelezo.

Kuna pia kosa la upande wa pili ambalo nchi tajiri hupenda kulisahau. Qian Xuesen alikwenda Marekani mwaka 1935, akasoma katika vyuo vya MIT na Caltech, akawa miongoni mwa waasisi wa maabara ya roketi inayojulikana leo kama JPL. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilimpa cheo cha kanali na kumtuma Ujerumani kuwahoji wataalamu wa roketi wa Hitler. Mwaka 1950, katika hofu ya ukomunisti, alinyang'anywa kibali chake cha usalama. Alipotaka kuondoka alizuiwa, akawekwa kizuizini kwa muda, kisha akaishi karibu miaka 5 chini ya uangalizi, hana ruhusa ya kufanya kazi aliyoijua wala ya kurudi kwao. Mwaka 1955 Marekani ilimwachia katika mazungumzo yaliyohusu wanajeshi wake wa anga waliokuwa mikononi mwa China. Huko Qian alijenga mpango wa makombora wa China, na Aprili 1970 nchi hiyo ikarusha setilaiti yake ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba alikuwa jasusi alipokuwa Marekani. Kilichohamisha ujuzi wake kutoka California hadi Beijing ni upekuzi wenyewe.

Somo hilo halikudumu. Novemba 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwasaka wanaoiibia nchi teknolojia kwa ajili ya China, na baadhi ya waliokamatwa walikuwa maprofesa walioshtakiwa kwa kutojaza fomu za ufadhili ipasavyo. Anming Hu wa Chuo Kikuu cha Tennessee, raia wa Kanada, aliachiwa huru na mahakama Septemba 2021. Gang Chen wa MIT, raia wa Marekani mwenye asili ya China, alifutiwa mashtaka Januari 2022. Mpango ulifungwa mwezi uliofuata. Hao wawili walikuwa wamekwisha kuajiriwa, wamezoeleka na kuheshimiwa kwa miaka mingi, na hata hivyo asili yao ilitosha kufungua faili.

Kanada imejaribu njia ninayoiona kuwa na mwelekeo mzuri zaidi, ingawa inahusu fedha za utafiti zinazotolewa na serikali kuu na siyo ajira yote. Sera yake ya Januari 2024 ina orodha mbili: moja ya maeneo ya teknolojia yanayohesabiwa kuwa nyeti, na nyingine ya taasisi zaidi ya 100, nyingi za China pamoja na za Iran na Urusi, zenye uhusiano na majeshi au vyombo vya usalama. Mtafiti anayeomba fedha katika eneo nyeti anaulizwa kama kwa sasa ana uhusiano na taasisi hizo. Haulizwi uraia wake. Orodha zimechapishwa, kila mtu anazisoma, na mtu anaweza kujua kabla ya kuomba kama ana tatizo na afanye nini kuliondoa. Kasoro yake ni kwamba taasisi ni kubwa, na daktari wa macho katika chuo kilichoorodheshwa anaweza kuchafuliwa na maabara ya silaha iliyo upande wa pili wa chuo hicho. Pia jasusi wa kweli hawezi kuandika kwenye fomu kwamba ni jasusi. Lakini kasoro ya sheria iliyoandikwa hadharani inajadilika. Ile ya barua isiyo na sababu haijadiliki.

Kama ningeombwa kushauri kuhusu muswada wa Uholanzi, ningeanza na orodha ya teknolojia, niibane. Orodha ikisema akili mnemba, imetaja nusu ya idara za kompyuta duniani, na wapekuzi watazama katika maombi ya watu wanaofundisha programu kutambua magonjwa ya mihogo. Orodha ikisema vioo na leza za mashine za kuchapa chipu za kizazi fulani, imetaja majengo machache ambayo yanaweza kulindwa kweli. Baada ya hapo ningeweka nguvu ndani ya jengo: nani anafungua faili gani, kwa nini mtu wa mradi mmoja ana nakala za mradi mwingine, na mfanyakazi mwenye wasiwasi amwambie nani bila kuhofia kibarua chake. Julai 2025 mahakama ya Rotterdam ilimfunga miaka 3 mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni za chipu za Uholanzi, kwa kupeleka taarifa za kiufundi Urusi. Alikuwa mwajiriwa, amekwisha kuvuka mlango zamani. Wakati wa kumzuia ulikuwa pale faili zilipoanza kutembea.

Tatu, na hili ndilo ninaloliomba kwa moyo wote, sheria iweke muda wa mwisho wa kujibu na adhabu kwa ofisi isiyojibu. Adhabu hiyo inaweza kuwa rahisi: muda ukipita bila jibu, mtafiti aanze kazi katika sehemu za mradi zisizo nyeti, huku ruhusa ya sehemu nyeti ikisubiri. Maabara nyingi zina kazi za kutosha za namna hiyo.

Suala hili litatukaribia zaidi mwaka hadi mwaka. Kenya ina wakala wa nishati ya nyuklia na imekwisha kupeleka vijana Korea Kusini kusomea uhandisi wa vinu. Uganda inapanga kinu chake wilayani Buyende. Tanzania ina urani Mto Mkuju mkoani Ruvuma, na tume yake ya nguvu za atomiki inahitaji wataalamu wa kuisimamia kazi hiyo bila kutegemea wageni. Hakuna namna ya kuwapata watu hao bila kuwapeleka baadhi yao katika maabara ambazo mlango wake una mpekuzi.

Nasi pia tuna milango yetu. Mtafiti wa kigeni anayekuja Tanzania anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na anayekwenda Kenya anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya huko ya namna hiyo, na kwa haki kabisa, maana sampuli za damu, mbegu na data za watu wetu zimewahi kuchukuliwa Afrika bila mwenyeji kunufaika. Ninachokitaka London na The Hague nakitaka Dar es Salaam vilevile: masharti yaliyoandikwa, jibu lenye tarehe, na sababu inayoeleweka kwa anayekataliwa. Watafiti waliongoja kibali cha kwetu kwa muda mrefu nao wana malalamiko ya kweli, na tukiyafanyia kazi tutakuwa na sauti nzito zaidi tunapozungumza na wenzetu.

Njia ya kuitumia sauti hiyo ipo. Serikali zetu husaini makubaliano ya ufadhili wa masomo na ushirikiano wa sayansi na nchi hizi karibu kila mwaka, na makubaliano hayo hutaja idadi ya nafasi, ada na tiketi za ndege. Katika yatakayofuata kiwekwe kifungu kinachosema kwamba mwanafunzi au mtafiti aliyependekezwa na serikali ya nchi yake atapewa jibu la upekuzi ndani ya siku zilizotajwa, kabla hajaacha kazi yake nyumbani, na kwamba akikataliwa, balozi wa nchi yake ataelezwa sababu kwa siri, hata kama mwenyewe hataambiwa.